Mmarekani Aliyekuja Kuuliza Habari za Achille

Pale uwanja wa ndege wa Durban mizigo ilikuwa imeshaondoka. Ilipita juu ya ule mkanda mweusi, begi baada ya begi, mapazia ya mpira yakaimeza, na sasa zamu ilikuwa ya watu. Gracieuse alitangulia na wanawe wawili wadogo, kila mmoja na mfuko mweupe wa shirika la wakimbizi shingoni. Nyuma yao akafuata Achille, miaka kumi na minne, mrefu kupita wote, kabeba blanketi alilokataa kulitia begini. Laurette alisimama upande wa wasindikizaji akampungia mkono kama mke wa mjomba anavyompungia mtoto wa wifi yake, si sana, si kidogo. Ndivyo walivyopatana. Achille akageuka mara moja, akasema kwa sauti ambayo hata yule mwanamke wa shirika aliisikia, "Tantine, bakieni salama," yaani shangazi, akaingia.

Sasa, lisiwe fumbo kwa mtu: Achille alikuwa mtoto wa Laurette. Alimzaa Uvira, Kongo, akambeba mgongoni kupita Kigoma, Lilongwe na Tete, akamlea Cato Manor, mtaa wa Durban. Gracieuse, dada wa mumewe Apollinaire, alikuwa mjane, na mafaili ya wajane ndiyo yaliyokuwa yanaitwa kwenye ofisi ya wakimbizi. Faili la Laurette na Apollinaire lilikuwa limelala, na hakuna aliyejua litaamka lini. Basi Gracieuse alipoandikisha familia yake kwa safari ya Marekani, Achille aliandikwa humo kama kifungua mimba wake. Watu wengi wamefanya hivyo. Na mwaka ule waliosafiri, 2008, baada ya yale ya mwezi wa tano, wageni kufukuzwa mitaani na nyumba kuchomwa, kila aliyeona tundu la kumpitishia mtoto alimpitisha.

Miaka saba ikaenda. Laurette na Apollinaire wakahama Cato Manor, wakashika vyumba Isipingo, kusini mwa Durban, karibu na stendi ya teksi. Yeye akahamishia huko saluni yake, mume akafungua duka la simu mlango wa pili, na ng'ambo ya barabara alikuwepo Machano, Mzanzibari wa mapazia na mashuka, jirani yao toka Cato Manor, asiyekosekana kwenye jambo lolote, linalomhusu na lisilomhusu.

Huko Iowa, Marekani, Achille alizidi kurefuka. Durban alikuwa anacheza kriketi shuleni, kazi yake kusimama mbali kabisa na kuurudisha mpira kati kwa mkono. Kule walimwona siku moja akirusha mpira toka upande huu wa maegesho ya magari hadi upande ule, wakamvisha kofia ngumu ya mpira wa Kimarekani. Wakampa nafasi wanayoiita kwotabeki. Alipoingia chuo, chuo kidogo cha pahali pa theluji, akawa kwotabeki wa chuo.

Laurette hakuelewa, na kutoelewa kule kulimwasha. Video zilikuja kwenye simu, akazitazama wateja wakiwa chini ya mashine ya kukaushia. Aliona wanaume wanene wamejipanga uso kwa uso kama watu wanaotaka kusukumana kwenye foleni. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai. Mwanawe anasimama nyuma, mpira anaupokea kutoka katikati ya miguu ya mtu, anarudi nyuma hatua chache, anaurusha, na kila kitu kinakwisha. Kisha watu wote wanapumzika na kuongea. Halafu wanaanza tena. Wanaongea nini? Hilo ndilo lililomsumbua. Mchezo mfupi hivi, maneno mengi hivi.

Machano, aliyekuja kuangalia naye, alitoa hukumu yake. Alisema mpira unaoshikwa mkono si mpira, ni ugomvi wenye ratiba, na kwamba huko Unguja mtu akikuangukia vile unampeleka polisi.

Siku moja Laurette alimuuliza Achille kwenye simu. Achille akamwambia kwamba kabla ya kila mchezo yeye ndiye anayewaambia wenzake kumi kila mtu aende wapi, na akifika pale mbele akiona adui wamesimama vingine, anabadilisha yote kwa kupiga kelele, na mpira ukija ana muda wa kupiga chafya tu wa kuchagua wa kumpa. "Na ukikosea?" akauliza Laurette. "Nikikosea, tantine, watu wote banaona."

Mwanzoni mwa mwaka 2015 Achille alikuwa anamaliza chuo, na timu kubwa, zile zinazolipa, zilikuwa zinatafuta vijana. Kila mwaka mwezi wa nne mwishoni wanakaa siku tatu na kuchagua mmoja mmoja. Jina la Achille lilikuwa linatajwa, chini chini. Hapo ndipo Gracieuse alipopiga simu. Alisema timu moja inamchunguza. Walishakuja kumhoji yeye kwenye kiwanda cha nyama anakofanya kazi. Sasa kuna mtu atakuja Durban kuwahoji na nyinyi, kwa sababu miaka kumi na minne ya mtoto iko huko.

Apollinaire alifunga duka saa hiyo hiyo. Aliwaita Laurette na Machano kule nyuma, kwenye chumba cha simu mbovu, akarudisha mlango.

"Ni patron gani wa kazi mulishasikia anatuma mutu kuvuka bahari kuuliza kama mutoto alikuwa analia?" akasema. "Patron anauliza diplôme. Mambo ya kulia, ya nani alimulea, ya nani ni mama yake, hayo inauliza Leta. Ni serikali ile. Banataka kufungua kesi ya Gracieuse."

Laurette alisema labda kweli ni watu wa mpira. Apollinaire akamwangalia kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Basi walifanya kile ambacho watu wao wamezoea kufanya. Kila aliyepita kwenye ofisi za wakimbizi ana historia yake, nayo historia hairuhusiwi kuwa na makunyanzi. Unaikariri kama sala. Historia ya Achille waliijua wote, hata Machano, ambaye si mkimbizi wala si ndugu, lakini mwaka wa 2007 alishapigiwa simu kama jirani shahidi. Wakaifukua. Mtoto amezaliwa na Gracieuse, siku ya Jumapili, mvua inanyesha. Baba alikufa. Mtoto ni mtulivu, mtiifu, anapenda kusali, hajawahi kugombana na mtu. Wakaulizana maswali hadi kila mmoja akajibu bila kumeza mate.

Mtu mwenyewe alifika Jumanne. Walikuwa wanategemea mzungu. Akaja mweusi, mzee, mabega mapana, anachechemea goti, na watu wa stendi walikuwa wamemsemesha Kizulu toka anashuka kwenye teksi mpaka mlangoni, naye anajibu "sharp, sharp", sawa sawa ya mitaani, kwa kila kitu. Jina lake Pruitt. Zamani alifundisha mpira huo huo kwao. Sasa mkewe alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, wanakaa Glenwood, hapo hapo Durban, naye kastaafu, hana kazi ila kutafuta nyama nzuri ya kuchoma. Rafiki yake mmoja ni skauti, mtafuta vijana wa timu kubwa. Rafiki akamwomba: wewe uko huko huko, nenda kaniulizie.

Alimhoji kila mmoja peke yake. Apollinaire dukani kwake, Machano katikati ya mapazia yake, na mwisho Laurette, saluni, akiwa anamsuka mteja. Alipompa mkono aliushika muda zaidi kidogo kuliko kawaida, akautazama, kisha akauachia. Laurette ana viganja vikubwa na vidole virefu. Wasichana wa kazi humtania kwamba anaweza kusuka vichwa viwili pamoja. Akamjibu Pruitt yote, kwa Kiingereza chake cha wateja, neno kwa neno kama ilivyopangwa. Mimi ni mke wa mjomba. Mama yake ni Gracieuse. Mtoto mtulivu.

Mambo yangeishia hapo, maana mzee aliinuka kuondoka. Ila Laurette hakuweza kujizuia. Alimuuliza, "Nyie mnamtazama nini, kwotabeki?"

Pruitt akakaa tena. Kumbe swali hilo alikuwa hajaulizwa siku nyingi. Akaomba ruhusa, akachukua chupa za dawa za nywele kwenye rafu, akazipanga juu ya kaunta, kumi na moja huku, kumi na moja kule, na walipopungukiwa Laurette akaongeza vitana na kopo la mafuta. Achille akawa kopo la mafuta.

Alieleza kwamba wanaanza na vya kupima, kwa sababu kupima ni rahisi. Urefu. Uzito. Mbio. Kiganja, toka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kwa sababu mpira ukilowa mvua kiganja kidogo kinauachia. Wanapima hata urefu wa wazazi wakiweza, wajue kama mwili utaongezeka. Halafu wanatazama video, siyo zile za kurusha mbali zinazopendeza watu. Wanatazama miguu. Mkono wa kwotabeki unatoka miguuni, alisema. Mtu akiogopa, miguu ndiyo inayosema kwanza. Wanatazama macho: ukimtazama yule unayetaka kumpa mpira, adui naye atamtazama huyo huyo. Na kule chuoni, akaendelea, kazi imerahisishwa. Kijana anageuka pembeni, mwalimu anamwinulia bango lenye picha, ya simba, ya hamburger, kijana anajua la kufanya. Huku kwenye timu za kulipwa hakuna picha. Anaambiwa sentensi ndefu sikioni, mara moja, naye anairudia kwa wenzake bila kukosea neno, watu wanapiga kelele mpaka meno yanatetemeka.

"Kwa hiyo mnamjuaje kama ataweza?"

"Tunamweka chumbani," akasema Pruitt. "Tunamfundisha mchezo mmoja mgumu, anauchora ubaoni. Halafu tunafuta. Tunamletea kahawa, tunamuuliza habari za mbwa wake, za mchumba, za chakula. Anacheka, anasahau. Ghafla tunamwambia, ule mchezo, uchore tena."

Mkono wa Laurette ukasimama juu ya kichwa cha mteja. Mteja akauliza kulikoni. Akaendelea kusuka.

"Na baada ya kumchukua?"

"Anakaa. Mwaka, miaka miwili, anasimama nyuma ya mzee mwenye nafasi, kashika karatasi, kifaa sikioni, hachezi. Tunambadilisha anavyoweka mguu. Tunambadilisha bega. Kitu ambacho mwili wake umekizoea toka utotoni, tunamwambia akisahau, ajifunze upya. Wengi hawawezi. Wanaweza mazoezini, halafu siku ya moto mwili unarudi kwenye kile cha zamani." Akazirudisha chupa mahali pake, moja moja, bila kukosea rafu. "Na nikwambie ukweli, mama. Pamoja na vipimo vyote hivyo, na ndege, na pesa, tunakosea karibu nusu. Hakuna anayejua. Ndiyo maana mimi bado naipenda kazi hii."

Alipoondoka Laurette alibaki na fikra hiyo kama mtu aliyebaki na ladha mdomoni. Watu wazima, wenye kila kitu, wanaouliza miaka na miaka na bado hawajui. Aliwafikiria wasichana aliowahi kuwaajiri, wengine wana vidole vya ajabu na hawakufika hata mwisho wa mwezi, na mwingine aliyekuja hajui kushika kitana ndiye aliyedumu. Usiku ule alimwambia Apollinaire kwamba yule si Leta. Leta haipangi chupa. Apollinaire akasema ndivyo wanavyofundishwa siku hizi.

Alhamisi Pruitt akarudi. Safari hii alikuja moja kwa moja saluni, akakaa kwenye kiti cha kuoshea, kofia magotini.

"Nimekuja kuaga," akasema. "Nitampigia rafiki yangu jioni. Nimeuliza watu watatu, na wote watatu wameniambia alizaliwa Jumapili, mvua inanyesha. Yule wa mapazia akaongeza kwamba alikuwepo. Nikamuuliza kama ameshafika Kongo, akasema bado."

Laurette alitaka kucheka, akajizuia.

"Mmeniambia hakuwahi kugombana, hakuwahi kukosea, hakuwahi kulia. Mama, nimekaa na vijana hawa maisha yangu yote. Mtoto wa hivyo hayupo. Na angekuwepo nisingemtaka, si kwa kazi hii. Kwotabeki anakosea mbele ya uwanja mzima. Anampa mpira adui, mkononi kabisa, watu wanamzomea, wenzake hawamwangalii usoni. Na baada ya dakika chache anatakiwa arudi, asimame pale pale, arushe tena, kwenye upande ule ule, bila kuogopa na bila kiburi. Hicho hakipimwi. Sikuja kutafuta kama ni mtoto mzuri. Nilikuja kutafuta mara moja tu alipoharibu, na kesho yake alifanya nini."

"Na ukisema hukupata kitu?"

"Anatoka chuo kidogo. Ana wenzake kumi wanaojulikana zaidi. Watasema huyu ana pengo, hatumjui, na watapita. Hawatamwambia kwa nini."

Laurette alimaliza msuko aliokuwa ameushika. Alimlipisha mteja, akamtoa mpaka mlangoni, akageuza kibao cha saluni kiseme imefungwa. Alichukua simu. Iowa ilikuwa asubuhi, Achille angepokea. Akaiangalia simu, akaiweka. Akimuuliza kama aseme, mtoto atasema hapana kwa ajili ya mama, au atasema ndiyo kwa ajili yake mwenyewe, na vyote viwili ni mzigo wa kumtwisha mtu asubuhi. Hii ilikuwa ya kwake kuamua.

Kwa sababu ile mara moja alikuwa anaijua. Ilikuwepo, ilikuwa nzima, na ndiyo pekee ambayo hawakutakiwa kuisema mpaka kufa.

Alianza kwa kusema kwamba mwaka wa 2007 waliitwa kwenye usaili, Gracieuse na watoto wote, na Achille aliingizwa chumbani peke yake. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, Apollinaire akaingia. Alikuwa ameona kibao kimegeuzwa mchana. Alisikia mwaka ule ukitajwa, akaelewa.

"Laurette, acha. Ishia apo apo."

"Niishie wapi? Nikiishia hapa ndiyo nitakuwa nimemuuza."

"Kuko batoto bengine mule ndani ya faili. Gracieuse iko mule ndani."

"Ninajua nani iko mule ndani," akasema Laurette. "Ni miye nilimuweka mutoto wangu."

Apollinaire akabaki amesimama, hakuondoka wala hakukaa. Pruitt hakujua Kiswahili, lakini alitazama mikono yao, mmoja na mwingine, akasubiri.

Laurette akaeleza. Msaili alikuwa mwanamke mpole, akampa mtoto juisi. Akamuuliza jina la mama, mtoto akajibu Gracieuse. Akamuuliza kijiji, baba, wadogo zake, mtoto akajibu vizuri. Kisha yule mwanamke akafunga faili, akaweka kalamu chini, akaanza kumsifia viatu, akamuuliza habari za kriketi. Mtoto akacheka. Akamuuliza, na hizi nywele, nani anakunyoa vizuri hivi? Achille akajibu, "Maman." Mama Gracieuse anajua kunyoa? "Hapana, maman wa saluni."

Kalamu ikarudi mkononi. Kesi ikawekwa pembeni karibu mwaka mzima, siyo ya Achille tu, ya Gracieuse na wadogo wote.

"Usiku ule hakula," akasema Laurette. "Sikumgombeza. Hakuna aliyemgombeza, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi nikamkuta amefagia saluni. Akaniambia, tantine, ninaenda shule. Nikafikiri anatania. Lakini toka siku ile mimi ni tantine. Nyumbani mlango umefungwa, tantine. Anaumwa homa, anaweweseka, tantine. Siku moja alikanyaga chupa, mguu ukapasuka, damu kila mahali, nikakimbia, akaniita kwa kilio. Akaniita tantine. Hakuna aliyemwagiza. Mwenyewe tu."

Laurette akakunja taulo la mteja, akaendelea.

"Walipoitwa mara ya pili, Gracieuse alitaka aingie wa mwisho, wadogo watangulie. Akakataa. Akasema niingie mimi wa kwanza. Yule yule mwanamke, chumba kile kile. Akaongea naye viatu, akaongea naye chakula, muda mrefu. Akatoka. Mwezi wa tisa wakapanda ndege."

Nje mtu wa teksi alikuwa anaita abiria wa mjini. Pruitt aliivaa kofia, akaivua tena.

"Nilijua toka Jumanne," akasema. "Kiganja chake wamekipima, namba ninayo. Nilipokushika mkono nilijua. Nikajiambia hilo halinihusu, na kweli halinihusu."

"Utasema nini, basi?" Apollinaire ndiye aliyeuliza, kwa Kiingereza, na lilikuwa swali lake la kwanza kwa mtu huyu.

Pruitt alifikiri. Alisema atamwambia rafiki yake hivi: kijana aliulizwa swali utotoni, kwenye chumba kigeni, akaliharibia kundi zima. Akakaa mwaka akijifunza upya kitu ambacho mwili wake ulikizoea. Waliporudi aliomba kuingia wa kwanza.

"Na akikuuliza ni swali gani aliulizwa?" akasema Apollinaire.

"Nitamwambia mimi mzee, nimesahau."

Apollinaire akaketi hapo, polepole, kwenye kiti cha wateja. Akauliza kitu ambacho Laurette hakukitegemea. Akauliza kama ni kweli kwamba hawa vijana wanasikilizishwa sentensi sikioni, na sentensi yenyewe inakuwaje. Pruitt akamtajia moja, ndefu, yenye rangi na namba na majina ya miji. Apollinaire akamwomba airudie. Kisha akajaribu kuisema yeye, akakwama katikati, akaanza upya. Alipokwama mara ya pili Laurette alimwambia aongeze mwendo, watu wanapiga kelele. Mzee wa Kimarekani akacheka mpaka akashika goti lake.

Yaliyofuata ni haya.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa wa nne Isipingo ikachafuka tena, wageni wakafukuzwa. Duka la Apollinaire lilivunjwa, simu zikachukuliwa. Saluni ilivunjwa kioo, lakini mashine zilibaki. Wakati timu zinachagua vijana, Laurette na mumewe walikuwa kwenye mahema ya waliofukuzwa huko Chatsworth, na matokeo waliyasikia kwa simu ya mtu mwingine.

Achille hakuchaguliwa. Siku tatu zilipita na jina lake halikutajwa. Uchaguzi ulipokwisha, timu ya rafiki yake Pruitt ilimpigia na kumpa mkataba mdogo wa majaribio. Mwezi wa tisa walimwondoa, kesho yake wakamrudisha kwenye kikosi cha mazoezi. Mwaka ule hakucheza mchezo hata mmoja. Anashika karatasi nyuma ya kwotabeki mwenye umri wa miaka thelathini na sita. Wamembadilisha mguu wa kushoto.

Pruitt hakuambiwa kama maneno yake yalisaidia. Alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa saba, kisha yeye na mkewe wakahamia Pretoria.

Kesi ya Gracieuse haikufunguliwa. Bado yuko kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya mchana. Wanawe wadogo wako shule.

Machano alirudi Unguja baada ya vurugu. Anauza mapazia Darajani.

Apollinaire hakufungua duka tena. Anatengeneza simu za watu kwenye meza ndani ya saluni ya mkewe. Faili lao halijaitwa. Laurette anasuka, na msichana mpya aliyemwajiri mwezi wa kumi hajui bado kushika kitana.